Sahihi ya Mpokeaji

Miaka ishirini na sita nimekuwa karani wa mizani
kituo cha majani mabichi, njia ya Katumba:
jina, kilo, makato ya maji, sahihi.
Mvua ikinyesha, na Tukuyu hunyesha hata jua likiwaka,
nilikata kilo mbili kwa kila gunia lililolowa.
Wakulima walinisonya, nami nikaandika.
Mstari haukuniuliza lolote.

Sasa Atuganile ananiletea daftari lisilo na mistari.
Amelishona mwenyewe kwa uzi wa katani,
jalada ni boksi la viatu, karatasi nene kama chapati,
na juu ya kila ukurasa, kwa mwandiko wake wa kialimu, amri.
*Chora asubuhi ya leo bila kunyanyua penseli.*
*Ipake rangi sauti unayoichukia.*
Na ndani ya jalada: *Mama, humu hakuna kukosea.*
Nilicheka.
Mwanangu hajawahi kukaguliwa na mkaguzi wa ushirika.

Asubuhi nilichora kikombe, kikatoka kama goti.
Sauti ninayoichukia ni simu ya usiku;
nikaipaka masizi ya sufuria mpaka karatasi ikachanika.

Wiki ya pili rangi za dukani zikaisha.
Nikachemsha kokwa za parachichi nikitarajia kijani,
maji yakaja mekundu,
wekundu wa ndani ya shavu.
Nani alijua? Miaka yote tunawatupia nguruwe.
Utomvu wa mgomba, ule usiotoka kwenye nguo,
ukanipa mstari ambao hata mimi siwezi kuufuta.
Na kwa kuwa karatasi haikauki huku,
naianika juu ya dari la jikoni;
moshi unaongeza rangi yake bila kuombwa.

Jirani yangu Tumwanukye akachungulia:
"Mama Atu, umerudi chekechea?"
Nikamwambia ndiyo, na ada nimelipiwa.

Kisha ukurasa wa kumi na moja.
Mwandiko umekuwa mdogo, kama mtu anayenong'ona kanisani:
*Chora kitu ambacho hukuwahi kuniambia.*

Siku nne nilipika, nikapalilia,
daftari likilala chini ya debe la unga.
Siku ya tano nikachora mizani.
Naijua kuliko sura yangu:
ndoano, kioo chenye ufa, sindano
inayotetemeka kabla ya kusema kweli.
Kwenye ndoano sikuchora gunia.
Nilichora kitenge, kimefungwa mafundo mawili.
Maana uchungu ulinishika palepale kituoni,
daraja lilikuwa limekwenda na maji,
na mimi niliyempimia kila mtu
nilitaka tu kujua
nilikuwa nimebeba kilo ngapi.
Sindano ikatulia.
Nikamshusha. Alipumua hadi alasiri.

Wewe ulikuja miaka mitatu baadaye, umenona, unapiga kelele,
na watu wakakuita kifungua mimba.
Sikumsahihisha mtu.
Wiki ile nilirudi kazini. Vitabu vya mwaka ule,
ukivitafuta, havina hata ukurasa mchafu.

Kitenge nimekipaka maji ya kokwa.
Rangi imevuka mstari, ikaingia kwenye ukurasa wa pili.
Nimeiacha iende.

Ukurasa wa mwisho hauna amri.
Ameuacha mweupe, mjanja huyu.
Nikatafuta rula, nikapiga safu kama nilivyozoea:

Jina: Ambwene.
Kilo: mbili na robo.
Makato ya maji: hakuna, ingawa mvua ilinyesha.
Sahihi ya mpokeaji:

Hapo nimeacha wazi, Atuganile.
Jumamosi ukija, kaa kwanza, unywe chai.
Kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye daftari,
kama ya kituoni,
isipotee.